Jiko la Ma Kokutona wa Kimwani

Siku ya kwanza kazini, pale ofisi ya mradi wa majiko, Bilele, nilifika nimevaa tai. Nilikuwa na haki ya kuivaa. Nilikata mkonge Tanga, nikafyatua matofali, nikajilipia chuo cha ufundi mpaka stashahada bila senti ya mtu. Afisa Mradi aliniangalia toka juu mpaka chini.

“Wewe ndiye diploma?”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi diploma ivue viatu ikakande udongo.”

Nilikanda. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha, na vichaka vya karibu vilikuwa vimekatwa kuwapikia askari na waliokimbia makwao. Kazi yetu ilikuwa kuwashawishi watu waache mafiga matatu na kuchagua jiko banifu: kuta nene za udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi kavu, mdomo mdogo wa kuni, sufuria inayozama ndani, na dohani ya kutolea moshi. Joto lote liende kwenye chakula. “Jiko zuri halimpashi mtu joto,” Afisa Mradi alipenda kusema. “Linampikia.” Nilianzia Kanazi, na kabla mwaka haujaisha hakuna fundi aliyenifikia kwa kuta zisizopasuka.

Kisha nikahamishiwa Muleba, chini ya Fundi Mkuu wa Wilaya. Ilikuwa miaka ya ule ugonjwa ambao watu waliuita Juliana kabla ya kujifunza kusema Ukimwi. Huko Kimwani aliishi mjane, Ma Kokutona, na mwanawe Mutalemwa, aliyekuwa mchuuzi wa samaki visiwani. Kijana alirudi amekonda, akawa anatetemeka kwa baridi hata mchana, akalala jikoni kando ya mafiga. Moshi ulimkohoza. Mama akienda kilimani kutafuta kuni, moto ulizimika, naye akirudi humkuta mwanawe amejikunja juu ya majivu.

Nilimpeleka mama kwa jirani akaone jiko nililomjengea huyo jirani. Lilikuwa linawaka. Aliugusa ukuta wake wa nje.

“Mbona baridi?”

“Ndiyo ufundi wenyewe, Ma. Joto halipotei.”

“Hilo unaloita kupotea, mwanangu ndilo analolalia, waitu, jamani. Nikichukua lako, nitahitaji kuni chache lakini yeye ataganda. Nikibaki na yangu, nitamwacha peke yake kila siku. Nichague lipi?”

Mimi si mtu wa kushindwa na udongo. Nilikumbuka matanuru ya matofali ya Tanga, ambako moto huwashwa upande mmoja na joto likatambaa chini kwa chini hadi upande wa pili. Nikamjengea jiko banifu, ila dohani sikuisimamisha. Niliilaza ndani ya benchi refu la mawe na udongo kando ya ukuta, ndipo nikaipandisha juu ya paa. Moshi ulitoka nje, na benchi likabaki na uvuguvugu muda mrefu baada ya kuni kuisha. Mutalemwa akatandikiwa hapo.

Fundi Mkuu alikuja kukagua, akashika kiuno.

“Moshi kazi yake kupanda. Wewe umeulaza kitandani.”

“Kuna mgonjwa, mzee.”

Aliweka kiganja kwenye benchi. Akakaa. Akaendelea kukaa.

“Bwana mkubwa,” Mutalemwa akasema kwa sauti ndogo, “shuka. Hicho ni kitanda cha mtu.”

Tulicheka sote, na mama yake zaidi. Fundi Mkuu alisimama akifuta macho, akaniambia nikajenge lingine kwa mgonjwa wa ng’ambo ya bonde.

Nimestaafu nikiwa na cheo hicho hicho cha Fundi Mkuu, na nyumba ya matofali niliyoyachoma mwenyewe. Vijana wenye diploma huja kuniuliza jiko lipi ni bora. Mimi huwajibu kwa swali: nani analala jikoni? Wengine huandika, wengine hudhani nimezeeka.

Mutalemwa hakupona, hakuna jiko la kuponya. Nilikwenda kumpa pole mama yake. Akaniwekea mkono begani, kama vile mimi ndiye mfiwa.

“Kuni zilikuwepo ndani siku aliyofariki,” alisema. “Sikuwa kilimani. Nilikuwa nimemshika.”