Dakika ya Salamu

Soko huria lilipopamba moto, Arusha kila mwenye chumba cha ziada alifungua kampuni. Moja ya Kijenge ilitunza nakala za mafaili ya kompyuta. Mwenyewe alivaa tai hata Jumamosi, na alituapia kwamba chochote tutakachompa kitakaa salama kwenye mashine zake hata ofisi yetu ikiteketea. Ofisi yetu ilikuwa ndogo. Tulirekodi wazee wakisimulia maisha yao, kuanzia Kikatiti hadi Oldonyo Sambu, nyumbani kwetu.

Mama yangu naye alirekodiwa. Alikubali kusimulia alivyotoroka kwao akaolewa na baba, kisa ambacho sisi wanawe hatukuwahi kukisikia. Sharti lilikuwa moja, mimi nitoke nje.

"Siwezi kusema mambo ya ujana mbele ya mtoto niliyemzaa," alimwambia mwenzangu aliyeshika kinasa sauti. Kisha akanigeukia. "Wewe utasikia nikishakufa."

Nikatoka, na faili lake sikulifungua.

Sasa, tutajuaje kama mwenye tai anatunza kweli? Kuapa ni rahisi. Nilishauri tuwe tunamshtukiza: tumwombe kipande cha popote, leo cha katikati, kesho cha mwisho, tukilinganishe na chetu. Bosi wetu, mama wa Kichaga, mwanakwaya mwenye adabu ya kupitiliza, alinitazama kana kwamba nimetema mate kanisani.

"Yaani umdakie mzee maneno katikati? Tuanze na salamu, kama watu."

Na kwa kuwa mtandao wenyewe ulikuwa wa kusuasua, ikapitishwa kwamba tutaomba dakika ya kwanza tu.

Kila mwisho wa mwezi tulichagua mzee mmoja, jamaa akaleta dakika yake, tukailinganisha na yetu, ikawa ile ile. Nilinuna, lakini mtu anayefaulu kila mtihani utamlaumu kwa lipi? Bosi alimpelekea keki ya Krismasi.

Mama alifariki wakati wa masika. Kabla sijapata moyo wa kumsikiliza, umeme ulikatika ofisini, ukarudi kwa hasira, kompyuta yetu ikaungua pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Hatukupata presha. Nakala si zipo? Tukaenda Kijenge, mimi na bosi.

Zilikuwepo. Wazee wote walikuwepo, kila mmoja na dakika yake moja. Nafasi ilikuwa imembana, jamaa alieleza bila kupepesa macho, kwa hiyo alifuta yale ambayo hatukuwa tukiyaulizia.

"Lakini kila mlichowahi kuomba, si nilileta?"

Mimi nilitamani kumkaba kwa ile tai.

Basi tuna hazina ya salamu, maana wazee wetu hawagusi kisa kabla hawajajuliana hali, na hali zenyewe hazimalizwi kwa dakika moja. Niliumia, na bado naumia kila ninapoisikiliza ya Mama. Anapewa shikamoo, anaitikia marahaba. Anaulizia wazazi wa mwenzangu, mvua ya kwao, ng'ombe wa watu wasio na ng'ombe. Halafu anashusha sauti.

"Mwanangu ameshatoka?"

"Ametoka, mama."

"Haya. Funga mlango."

Mlango unasikika ukifungwa, na dakika inaishia hapo.