Fenesi Lililovuka Ukuta

Chekeni tu, msijibane, maana mke wangu Zaina alishacheka mpaka akakaa chini, na aibu yenyewe nimeizoea.

Bosi wangu alinipeleka kucheza gofu kwenye kiwanja cha zamani cha shamba la mkonge, akaniona ninavyopiga (mpira ulibaki palepale, nyasi ndizo zilizoruka), akaniambia natumia mikono tu wakati nguvu inatoka tumboni na kiunoni. Basi nikaingia kwenye simu, nikakuta video ya jamaa kakumbatia mpira mzito, anazungusha kiwiliwili kulia na kushoto, tumbo lake limekatika vipande vipande. Langu mnalijua.

Mpira mzito hapa mtaani kwetu Kilole nitautoa wapi? Jikoni kulikuwa na fenesi, nikajiambia uzito ni uzito, nikatoka nalo uani nikiwa na kaptura na singlendi. Kulia, kushoto, kiuno kinaitika, nikajiona bingwa, nikaongeza kasi, jasho likajaa viganjani, na kwenye mzunguko mtamu kuliko yote fenesi likaniponyoka, likavuka ukuta. Sijawahi kupiga mpira ukaenda vizuri namna ile.

Ng'ambo ya ukuta ni kwa Mzee Mbwana, baba mwenye nyumba wetu, ambaye siku hiyo (Zaina aliniambia, mimi macho kwenye video) alikuwa anapokea wageni kutoka Handeni waliokuja kumposa binti yake, Mwajuma. Nikasikia kishindo, kisha sinia likalia.

Nikaenda kuomba radhi vilevile na kaptura yangu. Mshenga, mzee mwenye kanzu nyeupe, alikuwa na pilau mpaka kwenye ndevu. Nikamwamkia shikamoo, nikampa mkono, nikasahau kwamba nimetoka kuliokota lile fenesi, nalo limepasuka linavuja ulimbo. Tukanasana. Nikavuta, naye akavuta, wapi.

Mzee Mbwana akaniuliza taratibu nilikuwa nafanya nini.

"Mambo ya gofu tu, mzee."

"Gofu? Nyumba niliyokupangisha unaiita gofu mbele ya wakwe zangu?"

Nikaona hapa nahamishwa na vyombo vyangu. Nikasema siyo gofu la nyumba, ni mchezo, na kwa vile maneno yalinipotea nikaamua kuonyesha: nikazungusha kiuno, na mshenga, kwa kuwa tulikuwa tumeshikana, akazunguka nami, kanzu ikapepea, kofia ikaanguka.

Mwajuma, aliyekuwa ndani amejitanda kwa haya zote za bibi harusi, akaangua kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Shangazi wa bwana harusi akamfuata, kisha mshenga mwenyewe. Mwajuma ndiye aliyetoka na mafuta ya kupikia akatunasua, na yule shangazi alipomwona vizuri akasema, "Huyu tunaondoka na jibu lake leo."

Posa ikapita. Mimi nikatozwa jogoo, na bado ninaishi palepale.

Mazoezi sijaacha, ila nimeapa kuyafanya chumbani, mlango umefungwa, nikiwa nimekumbatia mto wa kulalia.