Pindo za Suruali ya Bibi

Ile siku tuliyotolewa nje ya jumba la makumbusho hainitoki, mwanangu. Mpaka leo nnaikumbuka nikiwa peke yangu jikoni, nnacheka, watu wa nyumbani wananitizama.

Dada yangu Raiye alikuwa anaolewa. Bibi yetu alikuwa mgonjwa kitandani kule kwake mtaa wa Hail, na aliomba kitu kimoja tu: amwone Raiye kavaa zile pindo zake za suruali, zilizofumwa kwa hariri na nyuzi za fedha, alizotoka nazo Unguja miguuni. Suruali yenyewe ilishakufa zamani. Lakini desturi yetu unaijua: nguo ikichakaa, nakshi hufumuliwa ikashonwa kwenye nguo mpya. Raiye akakataa katakata.

"Nivae viraka siku ya harusi yangu? Watu waseme tumefilisika?"

Yeye alitaka mpya, kutoka Dubai, ziking'aa mpaka ziumize macho. Bibi alipoambiwa akageukia ukutani, na tangu siku hiyo akawa hasemi na mtu. Roho iliniuma, wallahi.

Sasa shangazi yetu Bi Zuwena, fundi wa kushona na fundi wa kusema, akaja kwetu mtaa wa Khuwair akataka kutembezwa. Nikawapakia wote wawili garini, Raiye kanuna, tukaenda kwenye maonyesho ya nguo za Wakopti, Wakristo wa Misri ya kale sana.

Mle ndani kimya, baridi ya kiyoyozi inakata mifupa. Tukasimama mbele ya kanzu ya kitani ndani ya kioo. Mistari miwili ya sufu ya zambarau imeshuka kutoka mabegani, na chini yake miduara iliyofumwa sungura, mizabibu, na watu wanacheza ngoma. Nikasoma maelezo kwa sauti: nakshi hizi zilikatwa kwenye vazi kuukuu, zikashonwa kwenye vazi jingine.

Loh! Ungemwona shangazi.

"Umesikia, Raiye? Umesikia? Na hawa nao walifilisika?"

Mlinzi akamwashiria anyamaze. Amnyamazishe Bi Zuwena? Thubutu! Akaliinua buibui lake mpaka kwenye ugoko, akaunyanyua mguu karibu na kioo ili pindo za suruali yake, jozi nyingine ya Bibi, zionekane sambamba na zile nakshi za Wakopti. "Na hizi za mama yangu! Tizameni!" Mlinzi akafumba macho, "Astaghfirullah, mama!" Mzungu mmoja akadhani shangazi naye ni sehemu ya maonyesho, akatoa kamera. Wenziwe wakajipanga nyuma yake. Raiye aliyekuwa kanuna akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na hapo ndipo tukaombwa, kwa adabu, tutoke sote.

Garini kicheko cha Raiye kikageuka kilio. "Nimemvunja moyo Bibi," akasema, "kwa maneno ya watu ambao hata hawajasema."

Jioni ile ile shangazi akakaa na sindano, akazishona zile pindo za Bibi kwenye suruali mpya ya Raiye. Asubuhi ya harusi tukampeleka bibi harusi Hail kwanza. Bibi akainuliwa kwa mito, akaitizama ile miguu, machozi yakamtoka. Sote tukaanza kulia. Kisha akafungua mdomo, yeye ambaye alikuwa hasemi kwa siku nyingi:

"Zuwena, mguu wa kushoto umeshona juu chini."

Basi mwanangu, weye unayeona haya kwa kila cha wazee wako, kabla hujatupa tizama vizuri kilichochanika ni kipi. Mara nyingi ni kitambaa tu. Fumua taratibu, kilicho kizima kishone kwenye maisha yako mapya, uvae utembee nacho. Na mtu wako akikuomba jambo dogo, mfanyie angali anaona. Hao unaowaogopa watasema tu, ukivaa mpya watasema, ukivaa kuukuu watasema.

Mungu akustiri, akupe mkono mwepesi na roho pana, na siku utakaponuna bila sababu akuletee shangazi asiyejua haya.