Mbega wa Fundi Kanzu

Kabla ya mwaka jana mume wangu hakuwa ameshona kitu chochote chenye mkia. Yeye ni fundi wa kanzu hapa Kamembe, mji wa mpakani ng'ambo ya Bukavu, na kanzu ni nguo isiyo na mambo mengi, inashuka moja kwa moja kutoka shingoni mpaka miguuni. Mambo yote yako kifuani. Pale kwenye mpasuo wa shingo ndipo anapotia tarizi yake kwa sindano ya mkono: mistari miwili inateremka, inapishana, halafu inakutana chini kwenye kifundo kidogo ambacho hakuna fundi mwingine mjini anayekifunga vile. Siku ya Idi nikisimama nje ya msikiti nakiona kifundo kile kwenye vifua vya wanaume, wazee kwa vijana, nami navimba kichwa wee, ingawa nikirudi nyumbani namwambia tu, "Si mbaya."

Mimi si mwanamke wa kumsifu mume mbele za watu. Mdomo wangu hauna breki, sokoni ninakouza vitenge wananijua, na yeye ananijua zaidi. Lakini jambo hili nitalisema jinsi lilivyo, na akisikia, na asikie.

Binti yetu, kitinda mimba, alikuwa na miaka mitano. Mwaka wake wa kwanza shuleni, kwenye sherehe ya wazazi, walimvalisha kama ua wakampa mistari michache ya kusema. Alipanda jukwaani, akatuangalia, maneno yakamtoka kichwani, na kabla mwalimu hajamfikia mkojo ukamtiririka miguuni mbele ya watu wote. Watoto waliokaa nyuma walicheka. Wazazi nao walicheka, nisifiche, watu wazima na ndevu zao. Tangu siku ile akawa mtoto mwingine. Nyumbani alikuwa kasuku yule yule, lakini mwalimu alituambia kwamba darasani hafungui kinywa, na akiitwa mbele anang'ang'ania meza mpaka vidole vinambadilika rangi. Nilikuwa na hofu kwamba tutampoteza mtoto yule wa kelele niliyemzaa mimi.

Mwaka uliofuata darasa lao likaambiwa liwe wanyama wa msitu wa Nyungwe. Yeye akapewa mbega, yule kima mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani. Alitakiwa kuruka kutoka benchi moja hadi jingine mpaka mwisho wa jukwaa, basi. Hakuna hata neno moja la kusema. Lakini alirudi nyumbani, akautupa mfuko wa shule, akasema, "Mi sitapanda. Batanichekelea tena."

Nilishaanza kupaza sauti, kwamba kesho naenda shuleni, kwamba watanitambua. Mume wangu hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Akamwuliza mtoto taratibu, "Na kama hakuna muntu atajua ni weye?"

Mtoto akaisogelea cherehani. "Hata bale batoto ba nyuma?"

"Hata bo."

Akanigeukia mimi. "Hata Mama?"

"Hata Mama yako na ile macho yake."

Akafikiri sana, kichwa upande. "Basi nitapanda. Lakini muntu akinijua, nashuka."

Hivyo ndivyo walivyopatana, baba na mwana. Mimi nilitaka kucheka, lakini mume wangu alikuwa amekwisha kuvuta tepu iliyokuwa shingoni mwake, akapiga goti, akampima mabega na mikono bila haraka, vile vile anavyompima sheikh anayetaka kanzu ya Ramadhani. Akamwuliza, "Mukia unataka ifike wapi?" Mtoto akamwonyesha mlango. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, na sikuona tabasamu usoni mwake. Kwake yeye mteja ni mteja.

Kitambaa cheusi kilikuwa abaya yangu ya zamani. Sikuitoa kwa moyo mweupe, niliitoa kwa kelele. Kwa manyoya meupe tulichukua mfuko mtupu wa mchele, ule wa plastiki iliyofumwa, tukaanza kuufumua uzi mmoja mmoja mpaka tukapata lundo la nyuzi ndefu zinazong'aa. Kazi ile inaudhi jamani! Nyuzi zinakushika mikononi, zinaingia kwenye ugali, mtu anazikuta mpaka ndani ya soksi. Mume wangu alizipanga kwa urefu, akazishona mabegani tabaka kwa tabaka, nami nikikaa kando nikimwambia aache mbwembwe, ni nguo ya siku moja. Akaendelea kushona. Hilo ndilo linalonitia wazimu kwake, na ndilo ninalompendea.

Siku ya kumjaribisha nguo kwa mara ya kwanza nilikufa kicheko. Bwana fundi alikuwa ameshona kanzu! Nyeusi, imenyooka mpaka chini, na mkia unaburuzwa nyuma.

"Papa batoto," nikamwambia, "mbega wako anaenda kuswali wapi?"

Mtoto hakucheka. Alijaribu kuruka kutoka kwenye kigoda, nguo ikamfunga miguu, akaanguka kwa magoti. Mume wangu alimwinua, akamvua ile nguo, na papo hapo akaanza kuifumua mishono yote ya chini. Mtu huyu hajawahi kushona suruali, suruali aliwaachia wengine tangu ujana. Basi alikwenda kukaa kwa fundi wa suruali, mtani wake wa siku zote, akamwomba amwonyeshe jinsi ya kukata panapokutana miguu miwili. Unajua utani wa mafundi ulivyo. Walimcheka siku ile na kesho yake. Alirudi na mchoro kwenye kipande cha karatasi ya sukari na hakuonyesha kukasirika hata kidogo.

Halafu kuna mambo ambayo sikuyajua mimi, na tumeoana miaka mingi. Yeye ni mzaliwa wa Bweyeye, kule msitu unakoanzia nyuma ya mashamba, na utotoni akipeleka mahindi sokoni kwa miguu alikuwa akiwaona mbega njia nzima. Jioni moja kabla ya magharibi alikaa sakafuni, mzee mzima, akakunja miguu na kumwonyesha mtoto wanavyokaa. "Haishike mukia," akamwambia. "Inauacha unaning'inia tu. Na ikiruka, haiangalie chini. Inafungua mikono, hizi manyoya zinafunguka, unaona? Ni kama inabebwa nazo." Mtoto akamwangalia mdomo wazi. Mimi pia nilimwangalia hivyo hivyo, lakini mimi nilijifanya nachambua maharagwe.

Kofia ndiyo iliyomchukua muda. Ilifunika kichwa chote, na nyuzi nyeupe zikazunguka uso, macho tu ndiyo yanayoonekana ndani. Siku alipoimaliza, mtoto alivaa vyote, akatoka uani, akaenda kusimama mbele ya jirani yetu, mama wa Bukavu anayeuza sambaza.

"Yesu wangu!" tukamsikia. "Huyu mutoto wa nani? Aniondokee na mukia yake kwa samaki yangu!"

Mtoto alirudi mbio, akaivua kofia, uso umelowa jasho, anacheka mpaka anashika tumbo. "Hakunijua, Papa! Ananiona kila siku na hakunijua!" Sikuwa nimesikia kicheko kile kwa mwaka mzima. Mume wangu akasema amebakiza kufunga mpasuo wa kifuani tu, na kazi imekwisha.

Asubuhi ya sherehe niliikunjua nguo nimvalishe mtoto. Macho yakanitoka.

"Papa batoto! Hii ni nini?"

"Nini?"

"Hapa kifuani!"

Alikuja na miwani yake mkononi. Pale mpasuo ulipofungwa, uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi, mistari miwili ilikuwa inateremka, inapishana, na chini yake kifundo. Aliiangalia kazi ile kama mtu aliyekuta viatu vya mgeni mlangoni mwake.

"Mukono njo ilifanya," akasema, yaani mkono ndio uliofanya, si yeye. "Haki ya Mungu. Miye nilikuwa nafunga tu ile mupasuko."

Nilimwamini, na hasira haikupungua. Tangu ajue kazi hajawahi kufunga kifua cha nguo akakiacha kitupu. "Si ungeandika jina lako kabisa na namba ya simu!" nikamwambia. "Kamembe nzima wanaijua tarizi hii. Mtoto atajulikana kabla hajafika benchi la kwanza, na atashuka, na akishuka safari hii hatapanda tena maisha yake!"

Alichukua wembe afumue. Nikamshika mkono, kwa sababu abaya ile ilikuwa imechakaa, angefumua ingefunguka kifua chote, na saa ilikuwa imefika. Nikachukua nyuzi za mchele zilizobaki nikazishona haraka haraka juu ya tarizi.

"Mbega haiko na manyoya nyeupe kwa kifua," akasema kwa sauti ndogo.

"Leo iko nayo!"

Mtoto alikuwa uani anakunywa chai. Hakujua lolote. Sisi tulijua.

Uwanja ulikuwa umejaa wazazi. Kiti cha mbele kabisa alikaa mzee mmoja wa msikitini, babu wa mtoto mwingine, na kanzu aliyovaa nilimwona mume wangu akiishona. Wakaingia sokwe wa maboksi, wakaingia ndege, halafu akaingia mbega wetu. Nikasikia watoto wa nyuma wakiulizana, "Ni nani ule? Ni nani?" Hakuna aliyejua. Akapanda benchi la kwanza, akauacha mkia uning'inie, akaruka. Akafungua mikono, hakuangalia chini, na yale manyoya ya mfuko wa mchele yakafunguka mabegani kama tulivyoonyeshwa sakafuni. Uwanja mzima ukasema "Weee!" Nilimfinya mume wangu paja.

Akaruka tena, juu zaidi. Na zile nyuzi zangu za haraka haraka zikapinduka, zikanasa kwenye kofia, zikabaki huko. Kifua kikawa wazi.

"Ah! Ah!" mzee wa mbele akaruka kitini, akajipiga kifuani. "Iyo kifundo naijua! Njo mukono ya fundi! Mbega iko tayari kwa Idi!"

Watu wakaangua kicheko. Nyuma watoto wakadaka: "Njo mutoto wa fundi! Njo ule!" Kilikuwa kicheko kile kile, uwanja ule ule.

Alisimama juu ya benchi, hatikisiki. Mungu anisamehe, sikumwangalia usoni, niliangalia miguu yake. Mume wangu alifunika macho. Mimi nilishakaza kitenge kiunoni, tayari kupita juu ya magoti ya watu nikamchukue mwanangu.

Akainamisha kichwa, akakiangalia kifua chake. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikiona. Akakishika kile kifundo kwa vidole. Halafu akainua kichwa akamtazama mzee, akatazama kifua cha mzee, akatazama na wanaume wengine waliokuja na kanzu zao, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaivua kofia.

"Njo mimi," akasema. Ilikuwa sauti yake ya nyumbani, ile anayoombea chapati ya pili. "Papa njo alinishonea. Na ile ya Mzee, Papa njo alishona. Na ile. Na ile kule pia." Alikuwa anaonyesha kwa kidole. "Sasa munacheka nini?"

Mzee akaiangalia kanzu yake, akasema, "Kweli kabisa, mwanangu," akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata. Mtoto hakungoja yaishe. Alimtupia mwalimu kofia na akaruka benchi la mwisho uso wazi, mkia nyuma yake.

Nililia kwa sauti, sina aibu. Mume wangu alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya kanzu, anafuta tu, haimalizi. Nikamwambia mbele za watu, "Umeshona, mume wangu. Wallahi umeshona." Akanishangaa, maana hajazoea.

Shule ilipofunguliwa tena baada ya likizo, mtoto alimletea baba yake shati la sare, akaliweka juu ya cherehani.

"Papa, nitilie kifundo hapa."

"Kwa shati ya shule? Kwa nini?"

"Bajue," akasema.

Mume wangu akanigeukia, akingoja nianze kelele. Nikaenda kumtafutia uzi.