Damu ya Ndagala

Mama alilazwa hospitalini Rumonge, malaria ikiwa imemmaliza damu hata viganja vikawa vyeupe. Daktari akasema aongezwe damu leo leo. Mzee wa kanisa letu, aliyekuja kumwombea, akasimama mlangoni na Biblia yake: haiwezekani, Maandiko yamekataza kula damu.

Nikamwambia, "Mzee, mama hataila. Itapita mkononi."

"Ikishaingia mwilini, ameila."

Hapo nikachemka. "Na wale ndagala, visamaki vya ziwani uliovila kwetu jana? Uliwatafuna wazima, vichwa na matumbo. Damu yao ilikwenda wapi?"

Akaifunga Biblia. Nikadhani nimeshinda. Mama hakungoja jibu. Alimnyooshea muuguzi mkono.

Kumbe mzee alikuwa anafikiri kweli. Jumapili akatangaza ibadani kwamba kula ndagala wasiotolewa damu ni dhambi. Basi ungewaona akina mama wameketi uani kwa kanisa, kila mmoja na sindano ya kushonea, wanapasua visamaki vyembamba kama njiti za kiberiti. Beseni zima lilibaki chakula cha kumshibisha paka, na paka wenyewe walikuwa wameshashiba matumbo.

Mama aliporudi nyumbani, mzee alikuja kumjulia hali, akamletea naye sindano ya kupasulia. "Murakoze," mama akamshukuru, akaiweka kando. Kisha akachukua ndagala mkavu, mzima, akamtafuna taratibu mbele yake.

"Mzee, ningekusikiliza, hawa ndagala leo mngekuwa mnawapasua kwenye matanga yangu."