Pawatila na Intumba za Mama

Nilipoamua kununua mashine ya kulimia sikumwuliza mama. Naanza na hilo kwa sababu mume wangu hupenda kuwasimulia wageni kisa hiki kana kwamba tatizo lilikuwa mashine, na mimi humwacha amalize kwanza ndipo nimsahihishe. Tatizo nilikuwa mimi.

Mimi ni fundi cherehani mjini Sumbawanga. Naishi mtaa wa Izia na huyo mume wangu, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya miaka mingi iliyopita na ambaye hadi leo analalamikia upepo wetu. Mama anaishi Mpui, kwenye shamba dogo aliloachiwa na baba. Analima mahindi, ulezi na maharage, na anafuga kuku wasiokubali kulala bandani. Mimi ni mtoto wake wa mwisho na ndiye niliye karibu. Likitokea jambo lolote naitwa mimi, na mara nyingi nafika nikiwa nimeshakasirika njiani.

Mwaka jana, katikati ya Kwaresima, nilimkuta mama kwenye kipande cha juu cha shamba akiwa amepiga magoti katikati ya intumba, jembe limelala mbele yake. Asiye wa Ufipa nimweleze kidogo. Mvua zinapokaribia kwisha na majani yamerefuka, tunayafyeka, tunayapanga mafungu ya duara, kisha tunayafunika kwa mabonge ya udongo mpaka kila fungu linakuwa kilima kinachofika magotini. Hiyo ndiyo intumba. Juu yake mtu anaweza kupanda maharage, na humo ndani majani yanaoza kiangazi chote. Ukifika mwezi wa kumi na moja unaibomoa, unausambaza ule udongo uliokwisha kuwa mweusi, unapanda ulezi. Kazi yote hiyo ni ya jembe la mkono.

"Unasali?" nilimwuliza.

"Nimeshindwa kuinuka," alisema, kwa sauti ya mtu anayekwambia chumvi imeisha.

"Tangu saa ngapi?"

"Jua lilikuwa upande ule," akasema, akaonyesha juu ya nyumba ya jirani. Wakati huo jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Nilimwinua, nikampangusa udongo, halafu nikamfokea. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyo, nikiogopa nafoka. Nilimwambia intumba zimekwisha, asitengeneze hata moja tena. Nitanunua mashine, mashine italima, na yeye atakaa barazani aote jua kama wazee wenzake.

"Sawa, mwanangu," mama akasema.

Aliitikia upesi mno. Ningekuwa na akili siku ile ningeshtuka.

Mashine nazijua kwa sikio. Cherehani ikianza kuumwa naisikia siku mbili kabla uzi haujaanza kukatika, kwa hiyo niliingia madukani na kiburi changu chote. Nilikuta aina tatu. Kwanza kulikuwa na trekta dogo la magurudumu manne, lenye kiti na taa, ambalo mume wangu alilipenda kabla hajaambiwa linafanya nini. Alipanda, akashika usukani, akaniuliza kama anapendeza. Nilimwambia anapendeza sana, ashuke.

"Mama, hiyo ni kiboko," muuzaji aliniambia. "Unaingia shambani saa mbili, saa nne uko nyumbani unakunywa chai."

Kulikuwa pia na kidude cha petroli cha kulimia bustani, chepesi, watu wawili wanakinyanyua. Kilipowashwa nilisikia kama njugu zinagonga ndani, nikakiaga. Ya tatu ilikuwa pawatila: magurudumu mawili, mikono mirefu ya kushikia, visu vinavyozunguka nyuma na kuusaga udongo, na mtu anatembea akiifuata. Haina uzuri wowote. Lakini niliomba iwashwe na kuzimwa mara tatu, nikaweka kiganja juu ya injini kusikiliza mtetemo, nikaenda kuulizia vipuri vyake maduka mengine, na kila duka walikuwa navyo. Kwa fundi hilo lina uzito kuliko rangi. Mume wangu alinung'unika juu ya kile kiti mpaka tunafika nyumbani.

Sikutaka kulipia kabla mama hajaiona ikifanya kazi. Nilitaka afurahi, na nikiri pia, nilitaka anishukuru. Basi nikampigia simu baba mmoja aliyekuwa amehamia karibu na Mpui mwaka ule ule, mwenye pawatila ya kukodisha. Kwao ni bondeni, kando ya Ziwa Rukwa, kwenye mpunga. Nilimwelekeza vizuri: aje Jumapili ya pili baada ya Pasaka, alime kipande cha chini, kile kisichoonekana kutoka barabarani. Kimelala tu, nikamwambia, hakina kitu.

Jumapili hiyo nilikwenda misani na mama. Tulipotoka na kuanza kushuka kuelekea nyumbani tukausikia muungurumo. Yule baba alikuwa amewahi. Mama alisimama, akasikiliza unakotoka, halafu akaanza kutembea kwa mwendo ambao sikuwa nimeuona kwake miaka kadhaa. Nilifurahi. Nilidhani ana hamu.

Tulipofika, kipande cha chini kilikuwa kimesawazishwa kama mkeka uliotandikwa. Yule baba alitupungia mkono, akazima injini.

"Shikamoo mama! Nimewamalizia," alisema. "Tena kulikuwa na vichuguu vimejaa humu, sijui ni mchwa wa wapi, nimevisaga vyote. Sasa hata mpira mnaweza kucheza."

"Marahaba, baba," mama alisema. "Ahsante."

"Vichuguu gani?" niliuliza. Nilipomtazama mama nilielewa.

"Arobaini na mbili," mama alisema. "Nilizihesabu jana."

Tangu siku ile niliyomfokea alikuwa akishuka huku kila asubuhi, mahali ambapo jirani hawezi kumwona na kuniambia, na alikuwa akitengeneza intumba moja baada ya nyingine, akipumzika akichoka, akiendelea akipata nguvu. Nilifungua mdomo nifoke, nikakuta sina wa kumfokea. Yule baba alifanya nilichomwambia. Mama alijificha kwa sababu nilimkataza. Aliyesema hakuna kitu ni mimi, na nilisema hivyo bila kushuka kuangalia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Mama alikaa juu ya jiwe la pembeni, akavua viatu vyake vya kanisani, akaviweka sambamba.

"Dada yangu mkubwa walimwambia apumzike," alisema. "Wanawe ni wazuri, wana heshima kama wewe. Walimnunulia mkeka mpya na blanketi. Alikaa barazani misimu miwili ya mvua, tukamzika. Hakuwa na ugonjwa, mwanangu. Alikosa pa kwenda asubuhi."

Mama mkubwa huyo ninamkumbuka vizuri. Niliwahi kumshonea vitenge viwili vya kuvaa akiwa amekaa barazani, na nilijiona nimemtendea wema. Nililia pale shambani, na gauni langu la misa, mbele ya mgeni. Niliona aibu kwa zile arobaini na mbili, lakini zaidi niliona aibu kwamba mama yangu alikuwa ananikwepa mimi ili apate kuishi.

Yule baba naye hakujua atazame wapi. Alianza kuomba radhi, akisema kwao bondeni hakuna vitu hivi, angejua angeviacha. Mama hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa ameinama, amechota udongo uliosagwa, anauchambua kwa vidole. Majani yalikuwa bado mabichi, yamekatwakatwa na kuchanganyika na udongo mwekundu.

"Hizi zimeharibika, hazijaoza," alisema. Kisha akainua uso. "Baba, hivi visu vinaingia kwenye udongo mkavu? Kabla ya mvua?"

"Vinaingia, mama. Ukipita mara mbili vinaingia."

"Mwezi wa kumi na moja?"

"Hata wa kumi."

Mama alinigeukia. "Kutengeneza hakuniui," alisema. "Kubomoa ndiko kunakoniua. Udongo ukishakauka ule unapiga jembe, jembe linakurudia kifuani."

Hilo sikulijua. Mimi mtoto wa Ufipa, niliyelelewa kwa ulezi wa intumba, sikuwa nimeshiriki kubomoa hata moja tangu nifungue duka, kwa sababu miezi ile ndiyo ya kushona sare za shule na mtu hanitoi kwenye cherehani. Nilikuwa nakwenda Mpui mwezi wa tatu mashamba yakiwa ya kijani, namkuta mama amechoka, nadhani ni uchovu wa siku ile.

Wiki iliyofuata mama alikuja mjini mwenyewe, amevaa sweta na kilemba cha sikukuu, akataka kupelekwa dukani. Mume wangu, ambaye hakuwa amekata tamaa, alimwongoza moja kwa moja hadi kwenye lile la magurudumu manne.

"Hili lina kiti, mama," alisema.

"Nimekiona, baba. Atakaa nani?"

Mume wangu alicheka, akaniangalia. Mama alilizunguka lile trekta, akabonyeza matairi kwa kidole gumba. Alisema litakanyaga udongo aliouacha ulale kiangazi kizima upate kulainika, na kwamba litahitaji kugeukia kwenye maharage ya jirani. Hapo likawa limeshindwa. Kile kidude cha petroli alikipita kama mlango wa duka lisilomhusu. Kwenye pawatila alisimama muda mrefu. Alimwambia muuzaji aitembeze, si kwenye sakafu ya dukani, aipeleke nyuma kwenye lundo la mchanga. Muuzaji aliitembeza jasho likimtoka. Mama alitazama alama za magurudumu, akatazama visu, akaomba aishike. Alijaribu kuinua ile mikono. Ilimshinda, akaiachia taratibu bila kuona haya.

"Tutamkodi yule baba wa bondeni awe anakuja," nikasema haraka.

"Yule amenimalizia arobaini na mbili," mama alisema. "Utashika wewe."

Muuzaji alicheka kwa sauti. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua mama.

Basi nikailipia, nikajifunza. Yule baba wa bondeni ndiye aliyenifundisha, pale kwa mama, jioni nne mfululizo, akikataa malipo kwa aibu ya vile vichuguu vyake. Siku ya kwanza nilisahau kuachia klachi na pawatila ikanikokota hadi kwenye uzio wa kuku, kuku wakatawanyika kijiji kizima. Mume wangu alipiga picha. Ameiweka kwenye simu yake na huwaonyesha wageni anapofika sehemu hii.

Mwezi wa kumi na moja nilifunga duka siku tatu, wazazi wenye sare zao wakanisema nusu ya mji. Zilikuwa zimebaki intumba za kipande cha juu, zile alizozitengeneza kabla sijamkataza, maharage yake yakiwa yameshavunwa. Tulianza asubuhi na baridi. Pawatila ilipanda kwenye intumba ya kwanza, visu vikauma, na udongo ukafunguka mweusi, ukinuka mvua ambayo ilikuwa bado haijanyesha. Mama alinifuata nyuma bila viatu. Kila hatua chache alinipigia kelele: "Umeruka! Rudi!" Nikarudi. Mikono ilikufa ganzi, masikio yalijaa mlio, na nilikuwa na furaha ambayo cherehani haijawahi kunipa. Kufika saa sita kipande chote kilikuwa tayari, kazi ambayo mama alikuwa akiimaliza kwa wiki tatu. Jioni alikula ugali wake wote, akaomba nyongeza ya maharage.

Nilifikiri sasa mambo yametulia. Mwaka huu, Kwaresima ilipoanza, nilikwenda Mpui nikakuta mama ameshafyeka majani kipande chote cha chini na pembeni ya ulezi wa kipande cha juu pia, na amechomeka vijiti kuonyesha kila intumba itakapokaa. Ilikuwa karibu mara mbili ya mwaka jana.

"Mama, mashine nilinunua ili kazi ipungue!"

"Imepungua," alisema. "Zile nguvu za kubomoa sitazihitaji tena. Nazitumia sasa."

Nilimlalamikia mume wangu, akaniambia mashine ingekuwa na kiti angemsaidia.

Ijumaa iliyofuata mama alinipigia simu dukani. Nilikuwa napinda ukosi wa shati, simu nimeibana kwa bega, nikitegemea ataniambia nimletee sukari au sabuni.

"Kesho uje mapema," alisema. "Mistari ya pembeni nimeianza. Wa katikati nimekuachia wewe."

Niliacha kushona. Miaka yote hiyo nilipofika Mpui mama alikuwa akinawa mikono, ananitolea stuli, ananikaribisha chai kama anavyomkaribisha katekista. Sikumbuki lini aliniachia kazi.

"Mama, jembe lipo la kunitosha?"

"Nina langu tu," alisema. "Njoo na lako."

Mteja alikuwa amekaa anasubiri shati lake. Nilimwomba arudi Jumatatu, nikavuta shata la mlango, nikaenda sokoni kununua jembe kabla hawajafunga.