Matanga ya Fainali

Enzi zetu timu ikifungwa fainali, watu walikaa matanga. Sisemi kwa mfano. Mikeka ilitandikwa, viatu vikavuliwa, kahawa ikachemshwa, na wanaume wazima wenye wake na mashamba wakashika tama siku tatu kwa sababu wanachuo wa ualimu wamefungwa mabao matatu na wanachuo wenzao kutoka milimani. Wewe uliyezaliwa zama za simu za kupapasa unacheka. Cheka tu. Wenzangu niliokunywa nao uji wa bulga shuleni wanajua ninachosema.

Mji wetu ulikuwa mdogo, kando ya reli, mkoani Tanga, na haukuwa na timu nyingine ya maana ila timu ya Chuo. Chuo chenyewe kilikuwa juu kidogo, na wanachuo walishuka kucheza kwenye uwanja wa shule yetu ya msingi, ambao sisi watoto tulikuwa tumeufyeka asubuhi kwa mafyekeo tuliyotoka nayo nyumbani, kila mmoja na kidumu chake cha maji. Kwa jasho hilo tulijiona tuna hisa katika timu. Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna mtu pale mjini aliyekuwa na mtoto wala mpwa kikosini. Wachezaji walikuja kutoka Mtwara, Bukoba na Kigoma, wakakaa miaka yao miwili, wakahitimu, wakapangiwa shule za mbali, na tusiwaone tena. Kila tulipomzoea mshambuliaji, serikali ilimpa chaki. Tulipenda timu ambayo kila mwaka ilitukimbia, na kila mwaka tulianza mapenzi upya kama wajinga.

Jioni tulicheza chandimu kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za mgomba, na kila mtoto alijipa jina la mchezaji wa Chuo. Mimi nilikuwa winga wa kushoto. Mguu wangu wa kushoto haukujua lolote, lakini upande ule ulipakana na michungwa ya jirani, na mpira ukiwa mbali winga hukosa kazi. Nilirudi nyumbani na maganda mfukoni na vumbi mpaka kwenye kope, na Mama akasema maneno yaleyale ya kila siku: "Huyu si mtoto, ni uwanja unaotembea."

Sasa matanga. Mwenye matanga alikuwa Bwana Semkiwa, fundi baiskeli, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita treni. Fainali ilipopotea, mikeka ilitandikwa mbele ya kibanda chake, kati ya magurudumu yaliyoning'inia. Kahawa ilikuwa chungu, na kashata zilipigwa marufuku mpaka tanga lianuliwe. Sisi watoto tuliruhusiwa kukaa pembeni ilimradi tusicheke. Na sheria zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, marehemu hasemwi vibaya. Kwa hiyo siku mbili za mwanzo kila aliyefungua mdomo alilazimika kutaja jema la ile mechi. Hebu fikiria umefungwa matatu bila na unatafuta jema. "Mlinzi wa kulia," angeanza mmoja, akanywa kahawa, "alivaa soksi zilizolingana." Wote wangeitikia kwa huzuni, kweli, zililingana. Mwingine angesema mwaka jana tulitolewa mapema, mwaka huu tumefika fainali, kwa hiyo tumefungwa mahali pazuri zaidi. Hapo ubishi ungeanza kama hayo ni maendeleo au ni safari ndefu zaidi ya kwenda kuaibika, na ungeendelea mpaka adhana ya magharibi.

Sheria ya pili ilikuwa ya siku ya tatu, siku ya kuanua tanga. Kama ilivyo ada, mambo ya marehemu hayaachwi yakining'inia. Kila kitu kipate mrithi. Bwana Semkiwa alisimama na kuuliza nani amelaumu nani. Aliyemlaumu beki alirithi ubeki. Aliyemlaumu winga alirithi uwinga. Jumamosi iliyofuata warithi wote walishuka uwanjani kucheza na timu ya Chuo yenyewe, mbele ya mji mzima, kila mmoja kwenye nafasi aliyoilaumu. "Mlaumu ndiye mrithi," alisema Bwana Semkiwa, na hakuna aliyekata rufaa.

Mwaka ule wa mabao matatu, baba yangu alimlaumu kipa. Baba alikuwa karani wa stesheni, mtu wa nguo za pasi kali na maneno machache, lakini kuhusu kipa yule maneno hayakuwa machache. Alisema hata mlango wa stoo ungezuia mojawapo. Basi Jumamosi Baba alisimama golini na kaptula ya kazini, soksi zimevutwa mpaka magotini, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Wanachuo walikuwa na adabu, walipiga taratibu. Mashuti yaliingia yote. Moja lilipita katikati ya miguu yake akiwa ameinama kulitafuta. Mama, aliyekuwa amekuja uwanjani kwa mara ya kwanza maishani, alijifunika uso kwa kanga, na mabega yake yalitikisika kwa namna ambayo haikuwa kilio.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika kwenye reli, Baba alivua miwani, akaifuta, akaniambia, "Goli ni jembamba ukiwa nje. Ingia ndani, utaona lilivyo pana." Hakuwahi kumsema kipa tena, wa Chuo wala wa taifa. Redio ikitangaza bao, alikuwa akikohoa tu.

Nilidhani mambo haya yalibaki kule kwenye reli. Kumbe yalinifuata hadi Johannesburg.

Nilikuja huku kusoma, nikasoma, nikazidi kusoma, nikaishia kuwa mtu wa kusahihisha maandishi ya watu wengine. Lakini nilipata timu. Wanafunzi wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu wa chuo kikuu kimoja cha hapa walikuwa na timu yao, ikicheza mashindano ya kila mwaka na timu za wanafunzi wengine wa kigeni. Ugonjwa ulikuwa uleule: wachezaji walihitimu kila tulipowazoea. Mashabiki wake tulikuwa sisi wazee wa nje ya chuo. Mimi nilikuwa katibu, kwa sifa moja tu, kwamba siku ya uchaguzi nilikuwa na kalamu. Mwenyekiti alikuwa Mhina, mwenzangu wa chandimu tangu utoto, muuza vitenge, aliyepanga nyumba ya zamani pale Troyeville yenye baraza pana mbele. Mkali wetu alikuwa Otieno, kijana Mkenya wa benki moja ya Sandton, aliyekuja kwenye mechi na suti na kutazama mpira kana kwamba anakagua hesabu. Na kocha alikuwa Deo, Mrundi mpole, mlinzi wa usiku, ambaye akitoka zamu alifundisha timu bure. Alikuwa na kofia moja na filimbi moja, na kwa muda niliomjua hapa hiyo filimbi ndiyo kitu pekee nilichoona kinamfanya asimame wima. Akiwa nayo shingoni aliongeza kimo.

Ilikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia, vuvuzela zikiwa bado zinachuuzwa kwenye robot, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, na hakuna anayezitaka. Timu yetu ilifika fainali kwa mara ya kwanza. Wanafunzi wa Zambia wakatufunga manne bila jibu.

Siku hiyohiyo Otieno alitaka kura. "Katibu, andika," aliniambia pale uwanjani. "Huyu kocha aende. Miaka mitatu tumekaa naye, na leo tumechapwa kama ngoma. Jumapili tupige kura, mambo yaishe."

"Miaka mitatu iliyopita tulitolewa mechi ya kwanza," alisema Mhina.

"Na leo tumetolewa ya mwisho. Kutolewa ni kutolewa, buda."

Nilihesabu vichwa vya waliomzunguka Otieno nikajua kura imekwisha kabla haijapigwa. Deo angepoteza timu, na sijui angebaki na nini zaidi ya usiku na lango la watu. Ndipo Mhina akanitazama, nami nikamtazama, na nadhani wote wawili tuliona magurudumu yanayoning'inia.

"Kwetu," alisema Mhina taratibu, "hatupigi kura kabla ya kuanua tanga."

Wakenya hawakuelewa, Wakongo hawakuelewa, lakini walisikia kutakuwa na kahawa, wakakubali. Ijumaa jioni tulitandika mikeka barazani kwa Mhina, tukavua viatu, tukashika tama. Kosa letu lilikuwa moja: tulisahau kwamba tuko ugenini. Kule kwetu kila mpita njia alijua marehemu ni mechi. Hapa Troyeville, wahamiaji wakiona viatu vingi mlangoni na wanaume wamekaa chini kimya, hawaulizi. Wanajua kuna mwenzao amekwenda, na kwamba kuna safari ndefu ya kumrudisha kwao. Jumamosi asubuhi alifika Mama Furaha, Mkongo wa nyumba ya tatu, na sufuria ya maharage kichwani na kina mama wa kanisani kwake nyuma.

"Papa Mhina, pole sana," alisema, machozi tayari. "Njo nani alikufa?"

Mhina alinigeukia. Mimi, msomi, nikasema, "Ilikuwa ghafla." Sijui kwa nini. Kina mama wakaanza kuimba. Waliimba sauti nne, vizuri mno, kiasi kwamba Otieno, aliyekuwa amekuja kudai kura, alivua viatu vyake vya benki akakaa mkekani bila kuambiwa.

Ni katikati ya wimbo huo ndipo Deo alipoingia. Alikuwa ametoka zamu, macho mekundu, kofia mkononi. Alikuwa amesikia njiani kuna msiba kwa Mhina. Alizunguka mkeka mzima akitushika mkono, mmoja baada ya mwingine, "pole, pole sana, ndugu," na sisi tukazipokea pole zake, hakuna aliyethubutu kumtazama. Alipofika kwangu aliketi.

"Bwana Katibu," alininong'oneza, "nani ametutoka?"

Kuna maswali ambayo shahada hazisaidii. Nikamwambia ukweli. "Fainali."

Wimbo uliisha. Mama Furaha naye alikuwa amesikia, kwa sababu alisimama, akaitazama sufuria yake, akatutazama sisi, akasema, "Bandugu, mumekaa matanga ya mpira?" Nilidhani ataondoka na maharage. Alikaa chini kwa kishindo. "Basi museme yote. Sitabeba sufuria bure."

Ikabidi Mhina aeleze sheria. Marehemu hasemwi vibaya. Akaanza mwenyewe: mwaka huu vijana walifika kwa wakati katika kila mechi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa watu wa ukanda wetu. Mwingine akasema beki wa kati alifaulu mitihani yake kwa sababu Deo alimnyima namba mpaka alete matokeo. Hilo sikuwa nalijua. Mwingine akasema mdogo wake alipougua, Deo ndiye aliyekaa naye hospitali. Zamu ikafika kwa Otieno. Alifikiri sana, kama baba yangu akitafuta mpira uliokwisha kupita.

"Bao la tatu," alisema hatimaye, "tulikaribia kulizuia."

Mama Furaha alicheka mpaka akashika ukuta, na baada yake hakuna aliyeweza kuendelea na huzuni.

Jumapili, siku ya kuanua tanga, Otieno alikuja na hoja yake vilevile, maana mtu wa benki habadiliki kwa maharage. Lakini kabla hajasimama, Deo alisimama. Alivua filimbi shingoni akaiweka katikati ya mkeka.

"Nimeelezwa desturi," alisema. "Anayelaumu anarithi. Nami sitaki kung'ang'ania kitu cha marehemu. Nani anarithi hii? Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, nikitoka zamu. Wakati wa baridi nyasi zina barafu. Vijana watakuja nusu. Nusu nyingine unawafuata vyumbani."

Filimbi ilikaa pale. Otieno aliitazama. Mimi niliangalia kalamu yangu kwa makini. Waliokuwa wakali uwanjani walikumbuka kuangalia simu zao, wakati huo simu zikiwa hazina mengi ya kuangalia. Mhina alipitisha macho kwa kila mmoja, polepole, kama Bwana Semkiwa, na kila aliyefikiwa aligundua jambo kwenye soksi zake.

Deo alisubiri muda wa kutosha. Kisha akainama, akaichukua, akaivaa.

"Kama marehemu hana mrithi," alisema, "basi itabidi afufuke. Jumanne, saa kumi na moja."

Hayo yalipita. Mwaka huu timu imefungwa fainali tena, moja bila, bao la kujifunga. Kutoka manne mpaka moja; kwa mwendo huu wajukuu wangu wataona sare. Deo bado yupo. Mwanangu, aliyezaliwa hapa, anayenielewa Kiswahili lakini ananijibu Kizulu, alikaa kochini akaandika kwenye kundi la simu kwamba kipa ni mlevi, kocha ni mzee na timu ivunjwe, kisha akafungua mchezo mwingine. Chai yake ilikuwa haijapoa. Nilimwuliza kama yuko tayari kusimama golini Jumamosi. "Eish, Baba," alisema, kwa huruma, kama mtu anayemjibu mgonjwa.

Ni kweli, wao hawapotezi siku tatu. Hawashiki tama, hawanywi kahawa chungu, na hakuna mama anayewaletea maharage kwa makosa. Wanalaumu kumi kabla ya kifungua kinywa na hawarithi hata mmoja. Sisi tulikuwa wajinga zaidi, lakini mkeka ulitubana pamoja, na tukijua Jumamosi inakuja tuliyapima maneno. Baba hayupo tena, na uwanja ule nasikia umejengwa maduka. Juzi, bao lile la kujifunga lilipoingia, nilikuwa nimesimama nyuma ya nyavu na neno kali tayari mdomoni. Kutoka pale nilipokuwa, goli lilikuwa jembamba kabisa. Nikakohoa tu.